Mchanaji (rapa) akiingia kwenye muvi: amepanda au amepotea?

Ndugu zangu wa Kigoma na kwingineko, Jumamosi tulibishana hapa Mwanga mpaka chai ikapoa vikombeni, na hatukuelewana. Naleta ubishi wenyewe kwenu.

Ulianzia kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi. Ilikuwa inaonyeshwa Anaconda, ile muvi ya joka ya 1997, iliyotafsiriwa Kiswahili, na watoto waliokaa chini mbele kabisa wanashangilia kila anapotokea yule mpiga picha wa kwenye boti. Nikamuuliza mmoja wao, huyo unamjua? Akajibu bila kugeuka: "Si yule jamaa wa nyoka!" Dogo ana miaka kumi hivi, nyimbo zote za redioni anazo kichwani, lakini hajui kwamba jamaa wa nyoka ni Ice Cube, mtu aliyeitikisa Marekani kwa kuchana kabla hajasimama mbele ya kamera ya muvi.

Kaka mmoja anayeuza dagaa Kibirizi akadakia kwamba muvi ndizo zilizommaliza Ice Cube. Mwaka 1988 alikuwa kijana wa miaka 19 wa Los Angeles, yuko na kundi la kuchana la N.W.A, na wimbo wao wa kuwashutumu polisi ulimfanya ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, aiandikie kampuni yao ya muziki barua ya malalamiko mwaka uliofuata. Leo huyohuyo anacheza ofisa wa polisi kwenye vichekesho. "Simba kafugwa," akasema, na banda likapiga makofi.

Siibezi hoja hiyo. Mimi nimekua nasikia kaseti zake kwa kaka zangu, na siku nilipomwona kwenye skrini amevaa beji, niliumia. Lakini kusema kafugwa ni kumwonea. Muziki hakuuacha; mwaka 2024 katoa albamu nyingine, akiwa na miaka 55. Na kinachonifanya nimheshimu zaidi ni jinsi alivyoingia kwenye hizo muvi.

Alikuwa ndiye mwandishi wa mashairi mengi ya N.W.A. Akaona hesabu ya pesa haikai sawa, mwishoni mwa 1989 akaondoka. Mwaka 1991 mwongozaji John Singleton akampa nafasi kwenye Boyz n the Hood, akamhimiza pia aandike muvi zake mwenyewe. Akakaa na mwenzake DJ Pooh wakaandika Friday, iliyotoka 1995. Bajeti dola milioni 3.5, makusanyo yakapita milioni 27. Na ndani yake kuna nini? Vijana wawili wamekaa kibarazani kwa siku moja wanaangalia mtaa unavyopita. Hakuna helikopta wala ghorofa linalolipuka. Jamani, kibaraza! Ujiji tuna vibaraza chini ya miembe tangu enzi za babu zetu, na visa vinavyosimuliwa pale alasiri moja tu vinatosha muvi tatu. Sisi bado tunasubiri mtu wa Dar es Salaam atuletee stori.

Sasa sikilizeni na hili, maana kaka wa Kibirizi hakulitaja. Friday ilipata mwendelezo mwaka 2000 na 2002, halafu ya nne ikakwama miaka mingi, Ice Cube akilalamika hadharani kwamba studio ndiyo yenye haki na haimwachii. Kaandika kwa mkono wake, kacheza yeye, na bado alibanwa na alichosaini akiwa kijana. Ndiyo maana naona tukibishania muziki na muvi tunamwacha mwizi anatokea mlango wa nyuma. Mkataba ndio unaomfuga mtu.

Nina rafiki yangu wa Ujiji, mchanaji mzuri kweli. Aliitwa kuigiza muvi moja hapa kwetu. Siku tatu wanashuti ufukweni juani, jioni soda na chapati, mwisho akapewa elfu kumi ya nauli. Hakusaini kitu. Mwaka ukapita, tumeingia duka moja wanapojaza muvi kwenye flashi, tukakuta sura yake ukutani kwenye posta. Muuza duka akamshika mkono kwa furaha: "Hongera, unauza sana wewe!" Rafiki yangu aliitazama ile posta muda mrefu, halafu akaniomba tuondoke. Njia nzima hakuongea.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na haki za waigizaji zimo humo. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, ipo. Ila ataenda pale ameshika nini mkononi, ile nauli?

Wiki hii wameibuka wengine, wanamtaka kwa muvi mpya, safari hii mhusika mkuu. Kuhusu mkataba wanasema watauongelea mbele ya safari. Nimemwambia asipande gari lao mpaka auone, ausome, na nakala moja ibaki kwake. Wenzetu wawili wamenijia juu, eti namkosesha bahati, sura ikijulikana pesa itakuja yenyewe, na wanaodai karatasi mapema hawaitwi tena. Wenye muvi wanataka jibu Ijumaa. Nyie mliowahi kuitwa kwenye kazi za namna hii, mlifanyaje? Na kaka wa Kibirizi, kama upo hapa, ungekuwa wewe ungempa jibu gani?