Nianze na tyubu ipi kupiga asumini na karafuu kwa karibu?

mpenda_asumini (Wete)
Assalaam alaykum jamaa. Nna kamera ya Canon yenye sensa (kipande kinachonasa picha) ya ukubwa wa APS-C na lenzi tatu: 50mm f/1.8 STM, 18-55 iliyokuja na kamera, na 55-250. Nataka kupiga picha maua ya huku kwetu kwa karibu sana: asumini, langilangi, kikuba kilichokwisha fungwa, na karafuu ikiwa bado mtini. Lenzi ya makro yenyewe (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) kwa sasa siifikii. Nimeonyeshwa seti mbili za tyubu za kurefushia lenzi, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Moja ni ya chuma, rahisi, haina pini za umeme. Ya pili ina pini, zimo tyubu tatu za milimita 12, 20 na 36, na bei yake imepanda hasa. Kwa kuwa tyubu haina kioo, naona zote ni bomba tupu. Hiyo tofauti ya bei nalipia nini? Na nikishazipata, nianze na ipi, kwenye lenzi ipi?

jicho_la_makro
Waalaykum salaam. Dada yangu, unalipia waya.

Bomba ni bomba kweli, na hilo la rahisi haliharibu picha, maana hakuna kioo cha kuiharibu. Lakini lenzi za Canon za EF, jamii ya hizo zako, hazina pete ya kubadilishia tundu (tobo la kupitishia mwanga; namba ya f ikikua, tobo linakuwa dogo). Tundu linafunguka na kufunga kwa amri ya kamera, na amri inapita kwenye zile pini. Ukiweka bomba lisilo na pini, 50 yako inabaki wazi kwenye f/1.8, na ukiwa karibu na ua f/1.8 inakupa kama nusu milimita ya ukali (kina kinachoonekana bila ukungu), basi. Tena kuna baya zaidi: hiyo 50 STM hata fokasi ya mkono inaendeshwa na mota. Bila umeme utaizungusha pete mpaka uchoke, ndani hakisogei kitu.

Iko hila: unaweka f/8, unabonyeza kitufe cha kuchungulia kina cha fokasi (kama kamera yako inacho), na unaichomoa lenzi huku umekibonyeza na kamera inawaka. Tundu linabaki palepale. Inafanya kazi, ila ndani ya kitazamio kunakuwa kiza, na kila ukitaka kubadilisha tundu unafungua kamera upya upeponi. Chukua yenye pini.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawa urefu wa tyubu kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha jumlisha ukuzaji wa lenzi yenyewe (ukubwa wa kitu kwenye sensa ukilinganisha na ukubwa wake halisi). 50 STM peke yake inafika 0.21. Ukiweka tyubu ya 12 unaongeza 0.24, jumla 0.45. Kwa sensa yako hiyo ni fremu ya kama milimita 50 kwa 33: ua moja la asumini na jani lake. Ukiweka ya 20 unapata 0.61. Ukiweka ya 36 unapata 0.93, fremu ya milimita 24 kwa 16, na hapo karafuu moja mbichi inajaza picha karibu yote.

Matlai
Kama unataka makro kubwa bila kutumia nguvu, tia ya 36 kwenye 18-55 halafu rudisha zumu mpaka 18. 36 kugawa kwa 18 ni mara mbili ya ukubwa halisi. Hiyo 50 huifikishi huko kwa tyubu moja.

jicho_la_makro
Yakhe, hesabu yako sawa, lakini ua utaliweka wapi? Kwa 18 na tyubu ya 36, mahali penye ukali panaingia ndani ya lenzi yenyewe. Hata ukigusisha kioo na petali huoni kitu. Tyubu ya 12 kwenye 18 nayo inakufikisha karibu ya kugusa, na kivuli cha lenzi kinalifunika ua. Lenzi hiyo itumike kwenye 55 tu, na zumu isiguswe tena baada ya kupata fokasi, kwa sababu ukizungusha zumu kidogo fokasi yote inahama.

Jambo jingine kabla hujalipa. Angalia alama mdomoni mwa tyubu. Lenzi ya 18-55 na 55-250 zina mraba mweupe, ile 50 ina nukta nyekundu. Tyubu yenye nukta nyekundu peke yake itapokea 50 tu. Taka yenye alama zote mbili.

PopoWaKidike
Jicho kamaliza ya vifaa. Mie nizungumzie mkono, maana hapo ndipo watu wanapoziacha tyubu kabatini.

Anza na 12 kwenye 50, hiyo tu. Ukishaweka tyubu, mbali hakuonekani tena: kitu kikiwa zaidi ya sentimita 25 hivi mbele ya lenzi ni ukungu mtupu. Wengi wanadhani kifaa kibovu, kumbe wamesimama mbali. Weka kamera kwenye fokasi ya mkono. Otofokasi kwa pini itafanya kazi, lakini itakwenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia, hasa kwenye petali nyeupe isiyo na mstari wa kushika. Zungusha pete mpaka ukubwa unaoutaka, kisha iache. Kuanzia hapo fokasi unaitafuta kwa kusogeza kamera, siyo kwa kuzungusha pete. Pumua nje, inama mbele polepole, na ukiona ukali unapita juu ya kiini cha ua piga picha tatu au nne mfululizo. Moja itakubali.

Tundu weka f/8. Kwa ukuzaji wa 0.45 unapata kama milimita mbili za ukali. Ukitia ya 36, f/8 ileile inakupa chini ya milimita moja. Ndiyo maana nasema usikimbilie 36. Asumini pia usiipige kimshazari siku ya kwanza. Ielekeze kamera ua likukabili uso kwa uso, petali zote zilale sambamba na sensa. Hizo milimita mbili utazitumia zote.

mpenda_asumini
Shukran sana. Nimechukua yenye pini na alama mbili. Nimejaribu 36 (najua mlinikataza) kwa f/16 ili nipate ukali mwingi. Picha imekuwa na kiza, nikapandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) mpaka 3200, na bado ua lote kama limepakwa mafuta, hata pale penye fokasi. Lenzi ni ileile, kwa mbali inakata vizuri. Kosa liko wapi?

jicho_la_makro
Kosa ni f/16. Tyubu inaipeleka lenzi mbali na sensa, mwanga unatawanyika, kwa hivyo tundu halisi ni kubwa kwa namba kuliko linaloandikwa kwenye skrini. Zidisha namba ya tundu kwa moja jumlisha ukuzaji. Kwa 0.93, f/16 yako ni 16 mara 1.93, yaani kama f/31. Kwenye tundu dogo hivyo mwanga unapinda kingoni na kila kitu kinalainika, na ISO ya juu ikamalizia. Kamera inaendelea kuandika f/16, haijui kama kuna bomba katikati.

Rudi f/5.6 mpaka f/8 kwa tyubu ya 36, na f/11 iwe mwisho kwa ya 12. Kuhusu kiza, mita ya kamera inapima mwanga uliokwishapita kwenye lenzi, kwa hivyo upotevu huo inaufidia yenyewe. Unachokiona ni shata (muda wa kupokea mwanga) kuwa ndefu. Kwa tyubu ya 12 unapoteza nusu ya mwanga, kwa ya 36 inabaki kama robo.

Petali nyeupe zina balaa lake. Ua likijaza fremu, kamera huligeuza kijivu. Ongeza mwanga theluthi mbili mpaka stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Ua likiwa dogo mbele ya majani meusi ni kinyume chake, petali zinaungua na mishipa inapotea, hapo punguza. Tazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha), usiamini skrini juani.

PopoWaKidike
Na upepo. Kwa 0.93, ua likitikisika milimita moja tu limekwisha toka kwenye fokasi. Wakati wa kusi msijisumbue na mchana; alfajiri mpaka jua linapoanza kukaza ndio wakati wake. Asumini inafunguka jioni, na asubuhi bado ina weupe wake. Ukichelewa unakuta petali zimeanza kuingia rangi ya zambarau, na kwa karibu kila doa linaonekana.

Hapo bustanini chomoa chelewa mbili kwenye ufagio. Zichomeke ardhini pande mbili za kikonyo, uzi mwepesi juu yake, usikaze. Chelewa ni nyembamba, haiingii kwenye picha, na ikitokea inaonekana kama kijiti cha kawaida. Kibanio cha nguo kinaponda kikonyo na ua linalegea kabla hujamaliza.

Shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde ukishika kwa mkono. Na flashi ya juu ya kamera iache, lenzi na bomba vitaweka kivuli cha nusu duara chini ya picha. Ukitaka kulainisha jua, karatasi nyeupe ya kuokea keki ikishikwa shibiri moja juu ya ua inatosha. Chini ya mikarafuu mwanga wenyewe ni wa kijani, kwa hivyo piga RAW (faili ghafi ya kamera), na picha ya kwanza uipige na kipande cha karatasi nyeupe mbele ya ua upate pa kusahihishia rangi.

Matlai
Haya, la 18-55 nimekubali. Kwa 55-250 lakini tyubu ni hasara: 36 kugawa kwa 250 haifiki 0.15. Lenzi ndefu inataka filta ya kukuzia ya kufunga mbele. Ya daiopta 2 (kipimo cha nguvu ya kioo) kwenye 250 inatoa 0.5, na ua linabaki kama nusu mita mbele yako. Mdomo wa 55-250 ni milimita 58. Tafuta yenye vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Ya kioo kimoja inaacha uzi wa zambarau kingoni mwa petali. Langilangi za juu ambazo huwezi kuzikaribia, hiyo ndiyo dawa.

mpenda_asumini
Ahsanteni, 12 kwa f/8 imekubali, mpaka chavua naiona. La mwisho: karafuu. Nataka ile iliyofunguka, yenye nyuzi zake nyeupe, lakini kila shada ninalolikuta bado ni kichwa kilichofunga.

PopoWaKidike
Mwanangu, utaikutaje na watu wanachuma kabla haijafunguka? Ikianza kuiva wekundu inateremshwa, ikishafunguka haina bei. Muombe mwenye shamba akuachie shada moja kwenye tawi la chini, ulitie alama ya uzi, upite kila asubuhi. Petali za karafuu zimeshikana kama kofia. Kofia ikianguka nyuzi zinachanua, na hapo ndipo upige. Tumia tyubu ya 20, kamera ubavuni mwa shada, siyo juu yake. Na tyubu ibadilishe ndani ya gari au nyumbani, mdomo wa kamera umeelekea chini, kisha vyote uvifungie kwenye kopo na silika jeli (vijipakiti vya kunyonya unyevu). Kuvu ya lenzi kwa unyevu wa masika haingojei.