Pesa za kliniki hazilingani na benki, daktari anataka kunikata mshahara

nyar_kondele (Kisumu)

Habari zenu wadau. Nafanya kazi kwa kliniki ndogo huku Kisumu, tuko watu wanne tu, daktari mwenyewe, klinikal ofisa, kijana wa maabara na mimi. Mimi ndio mapokezi, mimi ndio keshia, wa kuandikisha watu wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, ni mimi na Jumatatu wa kupeleka pesa benki ni mimi. Sasa mwezi ulipoisha daktari akakaa chini na risiti buku na stetimenti ya benki, akajumlisha huku akajumlisha kule, akaniita akaniambia kuna shilingi 18,450 hazionekani na atazikata kwa mshahara wangu miezi mitatu. Sijalala manake sijaguza hata shilingi.

Shida ni hii, droo ni moja na ufunguo tuko nao wawili, mimi na yeye. Stima ikipotea anatoa mia tano ama elfu ya petroli ya jenereta, mtu wa glavu akija analipwa hapo hapo, juzi alitoa 2,000 akasema nitarudisha jioni na mpaka leo sijui ilikuwa jioni ya siku gani. Mimi huandika kikaratasi "Dkt 2000" nakiweka chini ya stepla, lakini kuna siku watu wamejaa mpaka mlangoni mtoto anatapika hapo kwa benchi na sikumbuki kuandika. Halafu kuna wa kulipa nusu, kuna wa till ya M-Pesa, kuna mzee wa Dunga bili yake ilikuwa 1,800 akaleta elfu moja na ngege wawili wamefungwa kwa gazeti, daktari akacheka akachukua samaki akaniambia mwandikie risiti aende. Sasa samaki nawaandika wapi?? Nianzie wapi jameni, na je ana haki ya kunikata?

kijana_wa_busia

Rudisha pesa dada hehehe

mhasibu_mzee (Nakuru)

Wewe kijana wacha, mtu ameleta shida ya ukweli. Dadangu nimekaa dirisha la keshia miaka mingi kabla nipelekwe uhasibu, hiyo hadithi yako naijua hata kabla umalize. Pesa yako haijapotea, imechanganywa tu.

Kosa la kwanza ni hiyo droo. Pesa ya wagonjwa iliyoingia leo inatakiwa ifike benki yote vile ilivyo, hata kama ni 3,740 na sarafu juu, isiguzwe ata ya chai. Ndio slipu ya benki iweze kusimama kando ya risiti za siku hiyo na zilingane mpaka shilingi. Ukishatoa petroli humo ndani basi hakuna mtu duniani atalinganisha tena, hata uajiri nani. Petroli na glavu zitoke kwa petikashi, kimkebe kingine kabisa, daktari anaandika cheki ya mfano 5,000 inaenda huko, kila kinachotoka kina vocha na sahihi ya aliyechukua, na wakati wowote ukihesabu pesa iliyobaki ukaongeza na vocha lazima ipate 5,000. Ikikaribia kuisha anaona vocha, anajaza tena. Na akitaka ya kwake binafsi pia yeye aweke sahihi, hata kama kliniki ni yake. Hapo ndio utasikia manung'uniko lakini usilegee.

Pili, huwezi kuwa wewe ndio unatoza, unapokea, unaandika na unapeleka benki. Sisemi we ni mwizi, nasema ikipotea huna wa kukutetea. Mwambie klinikal ofisa awe anahesabu na wewe jioni, dakika kumi tu, mnaandika noti za elfu ngapi, za mia tano ngapi, mnaweka sahihi wawili.

Sasa kwa hiyo 18,450 usijumlishe mwezi mzima, utazunguka mpaka kichwa kiume. Chukua kaunta buku uende siku kwa siku, tarehe moja risiti zilikuwa ngapi, taslimu ngapi, till ngapi, ni ngapi ilifika benki na ilifika lini. Utaona tofauti inajificha kwa siku nne tano hivi, siku zingine zote zitalingana. Na uangalie namba za risiti zifuatane, iliyofutwa lazima ya juu na nakala zote mbili zibaki kwa buku zimeandikwa IMEFUTWA.

till_na_mimi (Eldoret)

Niongeze ya M-Pesa. Ile ya jana usiku saa tatu wewe umeiandikia risiti jana lakini kwa benki itaonekana siku daktari atahamisha kutoka till, inaweza kuwa leo ama keshokutwa, na ada imekatwa. Kwa hivyo mwisho wa mwezi lazima kuna pesa iko njiani, haijapotea. Chukua stetimenti ya till pia, si ya benki peke yake.

Na usiwahi kuandika risiti kwa sababu mtu amekuonyesha meseji kwa simu yake. Hizo meseji zinatengenezwa siku hizi zinafanana kabisa. Ngoja iingie kwa simu ya till ndio uandike, na uandike ile namba ya muamala kwa risiti. Pia kuna wajanja wanalipa, wanatoka nje, wanaforwadi meseji kwa 456, ile namba ya kuomba pesa irudishwe, ati walikosea namba. Ukiwa na namba ya muamala na risiti umeandika jina uko na la kujibu.

kijana_wa_busia

Sawa samahani dada nilikuwa nacheka tu. Lakini hawa wa kulipa nusu si mngewakalisha tu hapo kwa benchi mpaka watu wao walete pesa, ama mnaweka majina yao kwa status ya WhatsApp waone aibu

nesi_kakamega

Haya jaribu uone. Ile kesi ya wamama waliozuiwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, Mahakama Kuu ilisema wazi 2015 kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake. Na hiyo ya status usiseme hata kwa mzaha, habari za ugonjwa wa mtu ziko chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, ukishaandika fulani ana deni la kliniki yetu tayari umesema alikuwa mgonjwa na alitibiwa wapi.

Kwetu tunafanya hivi, mtu akilipa nusu anaandikiwa risiti ya NUSU, ile aliyolipa tu, si bili yote, na salio linaenda kwa buku ya madeni na namba ya simu na tarehe alisema mwenyewe atalipa. Sisi hatumpi tarehe, anasema yeye. Siku moja kabla unampigia, unaongea na yeye mwenyewe, si bibi si mtoto. Wengi wanaleta mia mbili mia tatu, unapokea, unaandika. Wa kuhama na kuzima simu wako, hao daktari ndio aamue kufuta, si wewe.

Ya SHA nayo iwekwe mbali kabisa na pesa ya droo. Umetuma klemu leo, hiyo ni deni la SHA kwenu, usiihesabu kama imeingia. Ikilipwa inakuja pesa ya wagonjwa wengi mara moja na zingine zimekataliwa, mnakaa chini mnapiga tiki jina kwa jina. Kuna hospitali NHIF, bima iliyokuwa kabla ya SHA, iliisha Oktoba 2024 zikiwa bado zinaidai, sasa fikiria mtu aliyekuwa ameshazihesabu kama mapato.

Na samaki wa mzee, hehe, ni daktari amenunua samaki wa 800. Aweke 800 kwa droo.

mhasibu_mzee

Hiyo ya samaki nimeipenda.

Kuhusu kukatwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, mwajiri anaweza kukata upungufu wa pesa lakini mkataba wako lazima useme wazi kwamba umepewa kazi ya kupokea na kutunza pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe ama udanganyifu wako. Sasa muulize mkataba unasema nini, na muulize droo yenye funguo mbili uzembe ni wa nani. Uliza kwa heshima lakini uliza, na kabla ya kuuliza uwe na hesabu mkononi. Na hata mahali kukatwa kunaruhusiwa, makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

nyar_kondele

Asanteni sana, mzee Mungu akubariki. Nimeingia na kaunta buku tangu jana jioni, nikaenda siku kwa siku vile umesema. Kweli imejificha kwa siku chache! Vikaratasi vya stepla na vile nimepata kwa diary yangu, daktari alitoa 9,600 yote pamoja. Till ya Jumapili tarehe 31 ni 5,350, imefika benki tarehe moja. Samaki 800. Mama mmoja wa ultrasaundi nilimwandikia risiti ya bili yote na alibakisha 1,700, hapo ni kosa langu nakubali, hajalipa lakini akipigiwa anashika simu. Mkataba sina, niliajiriwa kwa mdomo. Imebaki elfu moja kamili, nimetafuta mpaka macho yanauma.

mhasibu_mzee

Elfu kamili kabisa? Hiyo si ya droo, ya droo ingekuwa na mikia. Angalia risiti uliyoharibu. Fungua nakala za kaboni, tafuta mbili zinafuatana.

nyar_kondele

Mzee. 0417 na 0418, mgonjwa ni mmoja, elfu moja elfu moja. Ya kwanza nilikosea jina nikachana ya juu nikamwandikia ingine, ya chini nikaiacha hivyo hivyo bila kuandika kitu. Naenda kumwonyesha kabla aanze kuona wagonjwa, na ile bahasha ya vikaratasi nakuja nayo.