Eneo la mazoezi la klabu: tuanze na hosteli au viwanja?

Mjumbe wa Kamati
Wakuu, naomba ushauri. Klabu yetu inacheza ligi kuu, ila miaka yote tunakodi viwanja vya mazoezi. Sasa tumepata eneo letu, linatosha viwanja vitatu na majengo. Kamati imegawanyika: wengine wanataka hosteli na jimu kwanza, mimi nasema viwanja. Nyasi nazo, bandia au asilia?

Fundi Nyasi
Mkuu, shikilia hapohapo. Kutunza viwanja ndiyo kazi yangu, na mimi ningeanza na maji. Mvua ya milimita 10 tu ikinyesha kwenye kiwanja cha mita 105 kwa 68, mmepokea zaidi ya lita 71,000. Zitakwenda wapi? Kama mchoro hauonyeshi, msipande hata jani moja. Chimbeni mitaro, lazeni mabomba yenye matundu, mwageni kokoto, kisha mchanga, ndipo tabaka la kupandia. Mkilipua kazi hapo chini, hakuna mbegu itakayowaokoa. Mtakuja kufukua kiwanja kizima wakati ligi inaendelea. Maji ya kumwagilia nayo yapimwe mapema, chumvi ikizidi nyasi zinakufa.

Bandia wekeni kiwanja kimoja, cha timu za vijana, maana kinahimili saa nyingi za matumizi. Ila kwenye jua huwa cha moto kuliko nyasi hai. Na mkumbuke zile chembe za mpira za kujazia katikati ya nyasi bandia: Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba zisiuzwe tena kuanzia 2031. Kikosi cha kwanza kifanye mazoezi kwenye nyasi za aina ileile kinayochezea mechi.

Kocha wa Vijana
Naunga mkono. Vijana msiwatupe mbali. Liverpool waliondoka Melwood, eneo lao la zamani la mazoezi, mwaka 2020 wakahamia Kirkby, ilikokuwa akademi yao, timu zikawa sehemu moja. Kijana wa miaka 16 anapomwona beki wa timu kubwa amebaki peke yake akirudia krosi, anajifunza kitu ambacho mimi siwezi kumfundisha kwa maneno.

Mjumbe wa Kamati
Nashukuru sana. Eneo lina mteremko. Tulisawazishe kabisa?

Fundi Nyasi
Hapana, kiwanja bapa kabisa kinatuamisha maji. Acheni mteremko mdogo, usizidi asilimia 1. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, uondolewe kwanza uwekwe pembeni. Sawazisheni wa chini, kisha mrudishe ule wa juu. Na mpimaji atangulie, greda lifuate.