Uma mkono wa kushoto: nifanyeje mezani na wageni wa korosho?

Binti wa Mikindani

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Ninafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara, na mwezi ujao tunapokea wanunuzi wanne: wawili wanatoka Vietnam, mmoja India na mmoja Uholanzi. Nimekabidhiwa jukumu la kuandaa chakula chao cha jioni na kukaa nao mezani. Mapishi hayanitii wasiwasi. Kinachonisumbua ni mikono.

Nimelelewa katika nyumba ambamo watoto tulikula sinia moja juu ya mkeka, na bibi yetu hakuruhusu mkono wa kushoto uguse chakula hata kwa bahati mbaya. Mwaka jana, katika hafla moja Dar es Salaam, niliwekewa uma kushoto na kisu kulia. Nilivibadilisha ili nile kwa mkono wa kulia, mwenzangu akaninong'oneza kwamba nimekosea, nikavirudisha. Lakini nilishindwa kabisa kupeleka nyama mdomoni kwa mkono wa kushoto, nikaishia kula wali peke yake. Je, ipo njia inayokubalika ya kutumia uma na kisu bila kula kwa mkono wa kushoto? Na je, ni utovu wa adabu kuwaalika wageni kama hao wale kwa mkono kama tulavyo nyumbani?

Mhudumu Mstaafu, Lindi

Waaleikum salaam, binti yangu. Nimehudumu mezani kwa zaidi ya miaka 20, na swali lako la kwanza nimeliona machoni mwa wageni wengi ambao hawakuthubutu kuliuliza.

Mtindo uliokutaabisha ndio unaofuatwa sehemu kubwa ya Ulaya, Uholanzi ikiwamo: uma haubanduki mkono wa kushoto, kisu hakibanduki mkono wa kulia, na mlaji hukata kipande, akakila, ndipo akate kingine. Wamarekani wengi hufanya vingine. Hukata vipande viwili au vitatu, wakakilaza kisu ukingoni mwa sahani makali yakielekea ndani, kisha wakauhamishia uma mkono wa kulia na kula kwa huo. Fanya hivyo bila wasiwasi. Mholanzi wako atatambua kwamba ni mtindo mwingine unaojulikana, wala hatadhani hukufunzwa. Kwa wali na mchuzi, omba kijiko ukishike kwa mkono wa kulia na uma uwe wa kusukumia tu. Thailand ndivyo wanavyokula kila siku, na kisu hakiwekwi hata mezani.

Ukipumzika katikati ya mlo, viache kisu na uma vimeachana juu ya sahani. Ukimaliza, vilaze sambamba. Alama hizo ndizo zinazosomwa na mhudumu. Niliwahi kuiondoa sahani ya mzee mmoja aliyekuwa hajashiba, kwa kuwa alivilaza pamoja alipotulia kusikiliza hotuba, naye kwa heshima yake hakusema neno. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Wala usidhani uma ni kitu cha asili kwa kila Mzungu. Mwingereza Thomas Coryat alipochapisha habari za safari zake mwaka 1611, aliwaeleza wasomaji wake kuhusu uma aliouona Italia kama jambo geni, na aliporudi kwao akiutumia alitaniwa. Wengi wa wazee wao walikula kwa vidole kama sisi.

Ama kuhusu sinia, ningekushauri uliache. Wageni wa biashara wapewe sahani zao.

Mama wa Nachingwea

Mwanangu, ndugu yetu mhudumu amesema vyema kuhusu uma, na mimi naongeza kwamba tulichofundishwa kinahusu mkono unaopeleka chakula mdomoni. Kushikilia nyama kwa mkono wa kushoto ili wa kulia ukate si kula, kwa hiyo njia hiyo ya Kimarekani inakuacha salama na mafundisho ya bibi yako.

Kuhusu sinia sikubaliani naye. Wanaodhani kula kwa mkono ni kula bila utaratibu hawajawahi kuketi mkekani na watu wenye malezi. Mdogo ndiye hushika birika na beseni, akaanza kumnawisha mgeni, kisha wazee. Hakuna anayemega tonge kabla mkubwa hajaanza. Kila mtu hula upande unaomwelekea, wala hanyooshi mkono kuvuka kwa mwenziwe. Kitoweo hakiguswi na mtoto mpaka mkubwa akigawe. Na aliyeshiba mapema huendelea kuchovya kidogo kidogo ili mgeni asione haya kubaki anakula peke yake. Hilo la mwisho ndilo nilipendalo kuliko yote, na sijaliona kwenye meza yoyote ya uma na kisu.

Msafiri wa Masasi

Dada yangu, shikamoo kwa mama wa Nachingwea. Niliishi na wenyeji wa Vietnam nilipokuwa masomoni, na ninaona kwamba ninyi wawili mnaweza kupatana.

Wavietnam hawatashangazwa na chakula cha pamoja. Kwao vitoweo huwekwa katikati, kila mtu ana bakuli lake dogo la wali, na unachochota hukiweka kwanza bakulini mwako badala ya kukipeleka moja kwa moja mdomoni. Kijana huwakaribisha wakubwa kabla ya kuanza kula, na kitu hupewa mkubwa kwa mikono miwili, jambo ambalo bibi yako angelifurahia. Kuinua bakuli hadi karibu na mdomo kwao si ulafi. Ukiwatafutia vijiti vya kulia, usivisimamishe ndani ya wali, kwa maana hufanana na ubani unaowashwa kwa ajili ya marehemu.

Anayehitaji uangalifu zaidi ni huyo wa India. Kula kwa mkono wa kulia kwake ni jambo la nyumbani, lakini Wahindi wengi hukiona chakula kilichokwisha kuguswa na mkono uliotoka mdomoni kwa mtu mwingine kuwa kimeingiwa na najisi. Sinia moja la kumega pamoja linaweza kumfanya akose raha, ingawa atanyamaza. Muulize mapema pia kama anakula nyama.

Binti wa Mikindani

Shikamoo mama, shikamoo baba, na asante sana kaka. Nimekwisha kuamua. Chakula kitakaa katikati na upawa katika kila bakuli, kila mtu atakuwa na sahani yake, uma, kisu na kijiko, na mdogo wangu atasimama na birika na beseni kwa atakayependa kula kwa mkono. Mimi nitakula kwa mkono. Mgeni wa India nitamwandikia kesho. Limebaki jambo moja: nilipanga kupika changu wazima kwa nazi. Je, Mholanzi atawamudu kwa uma?

Mhudumu Mstaafu, Lindi

Marahaba, binti yangu. Kwa mpango huo wa upawa nimekubali kushindwa na mama. Changu mpike mzima, lakini mpe mgeni huyo ubavu ulioondolewa mfupa wa katikati jikoni, kisha weka kisahani kando kwa ajili ya miiba. Na wewe mwenyewe keti karibu naye, ili akitaka kujaribu kwa mkono akutazame namna unavyomega.