Msaada: nataka kutoa baadhi tu ya vichwa kwenye faili la Org, siyo faili zima

Karani wa Korosho (Tandahimba)
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Kumbukumbu za msimu naziandika zote kwenye faili moja la maandishi matupu, Org mode ndani ya Emacs (programu ya kuandikia). Nyota moja ni msimu, nyota mbili ni mapokezi ya ghalani, minada, magunia, makato. Laptopu yangu kongwe, ukifungua programu nzito inahema, lakini hii inafunguka kama daftari.

Sasa Jumamosi bodi wakaomba taarifa ya mapokezi na minada. Nikatoa faili lote kuwa ODT (waraka wa LibreOffice), nikalirusha kwenye kundi la WhatsApp, nikaenda zangu kula. Narudi, simu inawaka moto. Kule mwisho wa faili kulikuwa na kichwa changu binafsi, "Wanaonong'onwa kuuza kwa kangomba", yaani kuuza korosho kimagendo nje ya mnada, na jina la tatu ni shemeji yake mwenyekiti. Nilifuta, ila walishapakua.

Kukata na kubandika vipande kila wiki nimechoka. Hakuna namna ya kuliambia faili lenyewe litoe hiki, liache kile? Natanguliza shukrani.

Mwera wa Nachingwea
Jina la tatu 😂😂 Pole mkuu. Uenyekiti wa wengine huo unaufupisha wewe.

Bi Mikindani
Pole kaka. Nenda kwenye kile kichwa, bonyeza Ctrl-c Ctrl-q, andika noexport. Kitakaa hivi:

`** Wanaonong'onwa kuuza kwa kangomba    :noexport:`

Lebo inakaa mwisho wa mstari wa kichwa, imebanwa na nukta mbili kila upande. Kuanzia hapo kichwa hicho na vyote vilivyo chini yake havitoki, utoe ODT, utoe PDF. Tena usiandike lebo chini ya kichwa kama maelezo, mimi nilifanya hivyo mwezi mzima nikidhani Emacs ndiyo mbovu.

Karani wa Korosho
Dada ubarikiwe, imekubali. Ila vya kuficha ni vingi kuliko vya kutoa, ndipo nikajaribu kinyume chake: nimeweka :export: kwenye Mapokezi na Minada tu. Vimetoka hivyo viwili vizuri, lakini utangulizi wangu wa juu umepotea. Salamu kwa bodi, tarehe, vyote hakuna.

Fundi Msimbati
Haujapotea, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukishatumia :export: hata mahali pamoja, Org inachukua matawi yenye lebo hiyo peke yake, na maandishi yote yaliyo kabla ya kichwa cha kwanza inayaacha. Mpe utangulizi kichwa chake, nacho ukiwekee :export:. Na ujue lebo zikigongana kwenye tawi moja, noexport ndiyo inashinda.

Ila kwa kazi yako mimi ningeenda mbali zaidi. Una wasomaji wa aina mbili, bodi na wanachama. Vichwa vya bodi vipe lebo :bodi:, vya mkutano wa wanachama :wanachama:, vya wote wawili :bodi:wanachama:. Kisha juu kabisa ya faili andika:

`#+SELECT_TAGS: bodi`

Toa ya bodi. Badilisha neno hilo liwe wanachama, toa tena. Faili ni lile lile. Ukitaka na lebo yako ya siri, andika `#+EXCLUDE_TAGS: noexport siri`, yote mawili. Ukiandika siri peke yake umeifuta ile noexport, na shemeji anarudi kundini.

Mwera wa Nachingwea
Mimi mambo ya lebo siyawezi. Kama ni kichwa kimoja tu, weka kishale cha kuandikia juu yake, Ctrl-c Ctrl-e, halafu Ctrl-s, halafu o mara mbili. Inatoka ODT ya kichwa hicho na watoto wake, na kichwa chenyewe kinageuka kuwa jina la waraka. Ikilalamika haioni zip, tafuta programu ya zip uiweke, ODT haitengenezwi bila hiyo.

Bi Mikindani
Nyongeza kwa ya Mwera: kichwa kipe sifa ya EXPORT_FILE_NAME kwa Ctrl-c Ctrl-x p, mfano minada-bodi. Usipofanya hivyo, ODT inatoka kwa jina la faili lako kubwa na kuifuta ile ya jana.

Halafu kaka, noexport siyo kufuli. Siku ukituma faili lenyewe la .org, kila kitu kinasomeka hata kwenye simu. Minong'ono ya kangomba itoe humo, iwe na faili lake nyumbani. Na kusema kweli, sijui kwa nini karani anaandika majina ya watu kwa kusikia.

Karani wa Korosho
Hapo umenigusa dada, nimeihamisha jana usiku. Nimefuata ya Fundi, lebo za bodi na wanachama. Ya bodi imetoka kurasa 3, nimeichapa kwa vijana wa steshenari hapa sokoni na kuisoma mstari kwa mstari kabla ya kuipeleka. Shemeji hayumo.

Mwenyekiti kaipokea kwa mkono mmoja, hajaniangalia.