Tuna dola 6,000 na watu 12: tugawe majiko bure Kilolo, au tufanyeje?

Mtoto wa Kilolo

Habari za leo wakubwa. Mimi ni mzaliwa wa Kilolo, Iringa, sasa nipo Minnesota huku Marekani mwaka wa 14. Julai nakuja na wenzangu 11 wa kanisani wanaojitolea, kwa wiki tatu. Wawili ni manesi, mmoja fundi wa kuchomelea, wengine hawana fani ila wana moyo. Tumechanga dola 6,000. Wazo lao ni kununua majiko banifu 300, tuyagawe bure nyumba kwa nyumba, kisha manesi wawafundishe akina mama madhara ya moshi. Mama yangu amepikia mafiga maisha yake yote na sasa anakohoa usiku kucha, kwa hiyo hili linanigusa. Naombeni ushauri kabla hatujatumia fedha za watu.

Fundi Mama, Ilula

Kamwene kaka. Asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Nafinyanga vyungu vya majiko, yaani ile sehemu ya udongo inayoshika moto ndani ya jiko, hapa Ilula tangu 2013, nitakueleza yaliyonikuta.

Miaka michache iliyopita walikuja wageni, watu wema kabisa, wakagawa majiko ya bati yaliyotoka nje. Bure. Mimi nilikuwa na vyungu 86 stoo, vimeshachomwa. Msimu ule mzima niliuza vinne. Nani atoe elfu 12 kwa kitu ambacho jirani yake kapewa? Mabinti wawili niliokuwa nimewafundisha kazi wakaondoka, wakaenda kuvuna nyanya, na hawakurudi. Masika ya pili majiko yale yakaanza kutoboka chini, akina mama wakaniletea niyatengeneze. Bati la aina ile sina, kipuri sina. Niliwarudisha hivyo hivyo, na wengine walikuwa wameshavunja mafiga yao. Iliniuma.

Halafu kuna baridi. Wewe ni wa Kilolo, Julai unaijua. Jiko banifu linaubana moto ndani, ndiyo kazi yake, lakini bibi anayeota moto jioni na wajukuu zake ataota nini? Asubuhi atachemshia chai kwenye jiko lenu, jioni atarudi kwenye mafiga. Msije mkamwita mkaidi. Na kande inakaa motoni nusu siku, kwenye sufuria ambalo jiko dogo la bati haliwezi kulibeba. Ugali wa watu wanane unasongwa kwa nguvu, jiko likiyumba mama anaungua.

Sasa, ninachohitaji mimi ni paa. Chungu cha jiko hukauka kivulini kama wiki mbili kabla ya kuingia tanuri. Kikipigwa na jua upande mmoja kinapasuka, kikinyeshewa kinarudi kuwa tope. Banda langu ni la nyasi, linavuja, na kila masika napoteza karibu theluthi ya kazi yangu. Ukija nitakupa vyungu viwili uvigonge kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinasema du, hata kama ufa wenyewe huuoni. Hivyo vya du navivunja, navisaga, navichanganya na udongo mpya. Ningependa niwe navivunja vichache.

Fundi wenu wa kuchomelea anitengenezee kalibu mbili za chuma za kufinyangia majiko ya sufuria kubwa, maana za mbao zinavimba zikilowa. Mkibakiwa na fedha, pitieni vikundi vya vikoba ili mama alipe jiko kidogo kidogo. Aliyelipa hata elfu mbili atakuja kunidai chungu kikipasuka, nami nitajua nimekosea wapi. Aliyepewa bure hunyamaza.

Nesi wa Zamu

Nakubaliana na dada, niongeze la afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, kwa hiyo nia yenu ni ya kweli. Ila manesi wenu wasiahidi kuwa jiko litamaliza nimonia ya watoto. Malawi, wilaya za Chikhwawa na Karonga, walifuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano. Nusu ya kaya zikapewa majiko ya kuni yenye feni. Matokeo yalitoka 2016: nimonia haikupungua. Majiko yaliharibika, na moshi wa takataka na wa majirani ulibaki pale pale. Jiko la kuni lililoboreshwa linapunguza kuni na moshi kiasi, lakini halijafika pale gesi au umeme ulipofika.

Manesi waende na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hao wanaijua kila nyumba. Wasisitize vitu viwili: mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha moto, na jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumba cha kulala hata kukiwa na baridi. Hewa yake haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini.

Na mama yako, kaka: kikohozi kikishapita wiki mbili apimwe kifua kikuu. Usingoje Julai.

Jua Kali Kisumu

Nawasalimu kutoka Kenya. Jiko letu la bati na udongo lilianza miaka ya 1980, umbo limetokana na jiko la ndoo la Thailand. Ya kwanza kwanza yalikuwa yanapasuka vyungu, mafundi wakalalamikiwa, wakarekebisha. Lilienea kwa kuuzwa sokoni. Fundi akipata riziki hakuna haja ya mgeni kurudi kila mwaka.

Mtoto wa Kilolo

Nimesoma yote mara mbili. Jana nilimpigia mama, nikamuuliza kuhusu kuota moto, akaniambia, "Mwanangu, hilo mbona hukuniuliza mwanzo?" Kesho kutwa shangazi anampeleka kupimwa. Wenzangu nimewatafsiria maneno ya Fundi Mama. Wamekubali tusinunue yale 300. Dada, banda lina ukubwa gani? Na hawa wanane wasio na fani niwaambie nini?

Fundi Mama, Ilula

Futi 20 kwa 12, bati 20 za geji 28 zitatosha, mbao nitatafuta mwenyewe. Hao wanane waje. Udongo tunaukanyaga kwa miguu mitupu kuanzia saa 12 asubuhi hadi mawe yote yatoke, na mimi nina miguu yangu miwili tu. Waambie Julai udongo ni wa baridi sana, uji wa moto nitaandaa.