Naomba ushauri: BMW 330e kwa safari za kila siku Usa River–Arusha

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Crown yangu imechoka, na macho yameangukia BMW 330e ya 2017, ile haibridi ya kuchomeka (inatumia petroli na umeme, na betri unaichaji kwenye soketi). Injini ni petroli lita 2.0 yenye turbo, betri kWh 7.6. Mke wangu keshaibatiza "gari la LUKU".

Kwenda na kurudi kazini ni zaidi ya kilomita 40. Hata likiwa jipya, umeme peke yake haukuzidi hapo, na hili ni la mtumba. Halafu asubuhi kupanda mjini ni mlima, jioni ndiyo nateremka.

Jumamosi nililijaribu. Linatambaa kimya mpaka bodaboda hawakusikii. Lakini buti! Betri imelala chini yake, sakafu imenyanyuka; mkungu wa ndizi wa mama kutoka Machame sijui utakaa wapi. Na tuta la kwanza tu, tumbo likakwaruza.

Kwa Arusha au Moshi, nani anapima afya ya betri hizi kabla mtu hajalipa? Soketi ya kawaida nyumbani inatosha, au nivute waya mnene? Na umeme ukikatika usiku kucha, kwa petroli tupu linakunywaje?